Gego la Fundi: kisa cha meno na kifua kikuu mjini Lamu

Alikuja na kipande cha gego lake, amekifunga kwenye pembe ya leso. Halikung'olewa na mtu. Lilivunjika asubuhi ile akila mkate wa mofa uliokwisha kurowa mchuzi. "Mkate laini namna hii," akaniambia, kama aliyefanyiwa hiana na mkate.

Nitamwita Fundi tu. Mafundi wa milango Lamu ni wengi, na mambo mengine mawili matatu nimeyageuza asijulikane. Ana miaka 46. Alianza dawa za kifua kikuu cha mapafu mwanzoni mwa Januari 2025, na siku aliyonijia alikuwa katika mwezi wa tano. Makohozi yalikuwa safi tangu kipimo cha mwezi wa pili, kilo 9 zilizopotea zilikuwa zimerudi, kikohozi kimekwisha. Kwenye daftari la kliniki ya kifua alikuwa mgonjwa wa kutolea mfano. Hakukosa kidonge hata siku moja. Kinywani mwake, katika miezi hiyo hiyo, meno 7 yalikuwa yameoza.

Mimi ni afisa wa afya ya kinywa. Kilichoniuma katika kisa hiki ni kwamba Fundi alionana na wahudumu wa afya zaidi ya mara kumi. Alipimwa uzito, akaulizwa kama macho yanaona rangi sawasawa, akaulizwa ganzi ya miguu, na maswali hayo yote yana sababu zake, maana dawa zenyewe zaweza kugusa macho na mishipa ya fahamu. Mdomo aliambiwa afungue ili ateme makohozi tu. Nasi wa meno tulipata nafasi yetu mwezi wa pili, tukaitupa. Nitafika hapo.

Nilichokiona kwenye kiti

Magego mawili ya chini, upande wa kushoto, hayakuwa na kichwa tena, ilibaki mizizi. Meno mengine matano yalikuwa na matundu, na matundu hayo hayakuwa juu pale tunapotafunia. Yalikuwa shingoni, jino linapokutana na ufizi. Meno manne ya mbele ya juu hayakuwa na tundu bado, lakini kila moja lilikuwa na mstari mweupe mkavu kama chokaa iliyopakwa kwa ncha ya kijiti. Mstari huo ndio mwanzo wa kuoza: madini yamekwisha anza kutoka, ukuta haujabomoka. Hapo jino bado laweza kuokolewa bila kuguswa na chombo chochote.

Upande wa kushoto ulikuwa mbaya kuliko wa kulia, tena kwa mbali. Mtu mzima ambaye mwaka jana meno yake yalikuwa mazima, kisha yakaoza shingoni na upande mmoja zaidi, huwa kuna kitu kimekaa kwenye shavu hilo kwa muda mrefu. Nikamwuliza analala na nini mdomoni. Aliona haya kwanza. Peremende za kikohozi. Kila usiku, mbili au tatu, kwa sababu kikohozi kilikuwa kikimwamsha na kuwaamsha watoto. Alikuwa akilalia ubavu wa kushoto, peremende inajikalia pale inapokaa mpaka alfajiri.

Yeye mwenyewe alikuwa na jibu lake tayari: dawa ndizo zilizomwozesha. Nimelisikia neno hili Lamu, Mokowe na Faza, na lafaa kujibiwa vizuri kwa sababu kuna watu wanaoacha dawa kwa ajili yake. Katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa wa kawaida humeza dawa nne zilizounganishwa, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi. Vidonge hivyo humezwa kwa maji na kwenda zake. Havikai kwenye meno, wala havina cha kuyayeyusha. Jino huoza kwa njia moja: bakteria wa kinywani hula sukari, hutoa asidi, na asidi ikizidi hata pH, yaani kipimo cha uchachu, ikashuka chini ya 5.5 hivi, tabaka gumu la nje huanza kuachia madini. Mate ndiyo yanayozima asidi na kuyarudisha madini, kazi inayochukua kama nusu saa hadi saa moja kila mara. Ndiyo maana kula bakuli la halwa mara moja na kumaliza hakuna madhara makubwa kama kunyonya peremende moja moja kutwa. Ukirudisha sukari kabla mate hayajamaliza kazi, mate hayamalizi kamwe.

Sasa mtazame mgonjwa wa kifua kikuu. Ana homa, anatoka jasho usiku mpaka shuka yalowa, hali vizuri wala hanywi maji ya kutosha, anapumulia mdomo kwa sababu kifua kimembana. Mate yamepungua. Na usingizini mate ya mtu yeyote, hata mzima, hukaribia kusimama. Kwa hiyo sukari ya usiku kwa mtu huyu haina wa kuizima.

Mgonjwa hanyimwi kitu

Niliomba kwenda kwao pamoja na mhamasishaji wa afya wa mtaa. Mama yake, Bi Mkubwa, alitupokea kwa chai, na chai hiyo peke yake ilinipa nusu ya majibu. Nikamwuliza, kwa adabu, alimlisha nini mwanawe zile wiki mbaya.

"Mwanangu, yeye hakuwa aweza kula," akasema. "Nikampa glukosi. Jagi zima, nikaliweka kando ya kitanda, akiamka anywe kidogo. Na watu walikuja kumtazama, kila mmoja na soda yake na maji ya matunda. Ningewaambia nini? Mgonjwa hanyimwi kitu."

Nani atamlaumu? Mwili ulikuwa unakwisha mbele ya macho yake, na glukosi ndiyo iliyokuwa ikipita kooni. Tuliketi tukahesabu pamoja, siku moja ya mwezi wa kwanza kama aliyoikumbuka, ni mara ngapi kitu chenye sukari kiligusa meno: chai ya vijiko vitatu asubuhi, jagi lile la glukosi kwa mafunda, tende, soda ya mgeni mmoja na maji ya matunda ya mgeni mwingine, dawa ya maji ya kikohozi, peremende. Zilifika 14 kabla ya sala ya Isha. Usiku hatukuuhesabu. Soda moja ya mililita 300 pekee ina sukari ya karibu vijiko vinane vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiweza abaki kwenye kama gramu 25 kwa siku nzima, yaani vijiko sita.

Lakini hapa ndipo wenzangu wa meno hukosea. Huwezi kumwambia mama kama huyu "punguza" ukaenda zako. Mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji kula, na kula kwingi. Nilichomwambia Bi Mkubwa ni kwamba nguvu anayoitafuta kwenye jagi ipo kwenye vitu ambavyo tayari vimo jikoni mwake: mbaazi za nazi, samaki, mayai, maziwa yasiyotiwa sukari, uji uliotiwa karanga za kusaga au tui. Kitu kitamu kiandamane na chakula, kisitembee peke yake. Kando ya kitanda kikae maji tu. Na wageni waambiwe mlangoni kwamba mgonjwa anapenda madafu na mayai. Hilo la mwisho alilipenda zaidi ya yote.

Mate ya rangi ya damu

Bado kulikuwa na jambo ambalo halikunikaa. Fundi ni mtu nadhifu. Kabla ya kuugua alikuwa akipiga mswaki asubuhi na usiku, wa mti na wa duka. Kwa nini aliacha?

Alinieleza akiwa amelitazama jagi, si mimi. Kabla hajagunduliwa alikohoa damu mara moja, kwenye sinki, na hilo ndilo lililompeleka hospitali. Wiki ya kwanza ya dawa akapiga mswaki, akatema, akaona rangi nyekundu ya machungwa. Akaogopa. Akajaribu tena kesho yake, rangi ile ile. Akaona mswaki unamchokoa kifua, unaamsha damu. Akauacha, na hakumwambia mtu.

Rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, jasho, machozi, makohozi na mate. Karibu kila mgonjwa huonywa juu ya mkojo. Mate husahauliwa, kwa sababu anayeonya hamwazii mgonjwa akiwa amesimama mbele ya sinki na povu mdomoni. Na kweli, ufizi uliovimba kwa kutosuguliwa nao hutoa damu kidogo, hivyo siku mtu anaporudi kwenye mswaki baada ya wiki tatu anaona damu ya kweli, hofu inathibitika, anaacha tena. Damu ya kifuani hutoka kwa kikohozi. Damu inayotoka kwa mswaki ni ya ufizi, na dawa yake ni kuendelea kusugua taratibu. Kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Sentensi mbili hizo zingeambiwa Januari, sidhani kama tungekutana kwa ajili ya mkate wa mofa.

Kulikuwa na kingine, kidogo, nilikiona mwenyewe. Ukingoni mwa birika la choo, pale samaki wadogo wanapolinda maji na mbu, kulikuwa na kikombe chenye miswaki minne. Wa Fundi haukuwamo. Ulikuwa uani, ndani ya mfuko wa plastiki, umening'inizwa msumarini. Usiku wa baridi na homa, hakuna mtu atakayetoka uani kupiga mswaki. Niliwaeleza kwamba kifua kikuu husafiri hewani, kwa kukohoa, kupiga chafya na kusema. Hakipiti kwenye kikombe wala sahani wala kwenye mswaki uliosimama jirani na mwingine. Mswaki wenyewe usitumiwe na watu wawili, hilo ni la usafi wa siku zote. Bi Mkubwa hakusema kitu.

Miezi mitatu iliyopotea

Mwishoni mwa Februari, gego moja lilipoanza kumpa taabu, Fundi alikwenda kliniki ya meno. "Ino lapwita," aliwaambia, "usiku silali." Walipoona kadi yake ya dawa wakamwambia arudi akishamaliza matibabu. Kliniki hiyo siitaji, na walioko humo si watu wabaya. Wanachokiogopa ni cha kweli: mashine ya kuchonga jino hurusha ukungu wa matone hewani, na mgonjwa anayeambukiza akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa anamweka hatarini daktari na kila atakayeingia baada yake.

Ila hesabu yao ya miezi ndiyo iliyokosea. Mtu ambaye vijidudu vyake havina usugu, na anameza dawa ipasavyo, uambukizi hushuka sana baada ya kama wiki mbili. Fundi alikuwa wiki ya nane, na makohozi yake yalikuwa yametoka safi siku chache kabla. Hakuwa wa kuahirishwa. Na hata angekuwa wiki ya kwanza, jipu na maumivu havingoji: mgonjwa huwekwa wa mwisho wa siku, madirisha yanafunguliwa, mhudumu anavaa barakoa ya N95, na kazi inafanywa kwa vyombo vya mkono badala ya mashine. Cha kungoja ni kile kisichouma. Mwenye kifua kikuu sugu ana utaratibu wake, na hapo ni lazima kusemezana na kliniki ya kifua kwanza.

Alipofukuzwa, alifanya kama watu wote. Alikwenda duka la dawa. Akapewa amoksilini, dawa ya kuua bakteria ambayo haizibi tundu, na parasetamoli. Hii ya pili ndiyo iliyonitisha kuliko meno yote 7. Alikuwa akimeza vidonge vinane kwa siku, siku nyingine zaidi, juu ya isoniazidi na rifampisini ambazo zenyewe zinalielemea ini. Kwa mtu wa namna hii hatari ya ini kuumia huongezeka. Na ile alama ambayo watu huitazama, mkojo kuwa mweusi, kwake haina maana kwa kuwa mkojo umekwisha geuzwa rangi na dawa. Yafaa kutazama weupe wa macho ukigeuka manjano, hamu ya chakula ikikatika ghafla, kichefuchefu kisichokoma, maumivu chini ya mbavu za kulia. Nilimrudisha kwenye kliniki ya kifua apimwe ini kabla sijagusa chochote. Majibu yalirudi salama. Ilikuwa bahati, naomba nisisifiwe kwa hilo.

Ramadhani katikati

Machi iliingia na Ramadhani. Fundi alikuwa amepata nguvu, akataka kufunga, na kliniki ikamruhusu kwa sharti kwamba dozi ya siku ameze wakati mmoja ule ule wa usiku. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hili kila mtu alijua, yeye hakutaka. Sitalijadili.

Nitazame kinywa tu. Mchana kutwa ni mkavu. Kwa Shafii, na Lamu ni Shafii, mwenye kufunga huchukizwa kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, kwa hiyo toka adhuhuri hakuna kilichogusa meno. Kisha futari: tende, kaimati zilizochovywa shira, sharubati ya ukwaju ambayo ni tamu na ni chachu kwa pamoja, na baada ya tarawehe kitu kidogo kidogo mpaka daku. Mate yana mapumziko saa ngapi hapo? Tungalimwambia mapema, ingetosha vitamu vyote viishie mezani pa futari, baada ya hapo maji na kahawa chungu isiyo na tende, mswaki kabla ya kulala na mswaki tena baada ya daku kabla ya adhana.

Udhu nao una jambo lake. Mtu anayesali husukutua kinywa mara tatu kila anapotawadha, na baada ya kitu kitamu hakuna jema kama hilo. Lakini wengi hupiga mswaki kwa dawa ya meno kisha hapo hapo wanatawadha, na floridi yote inakwenda na maji. Floridi ndiyo inayosaidia madini kurudi kwenye ule mstari mweupe. Inataka kuachwa juu ya jino. Nilimwambia Fundi: ule mswaki wa usiku, usali Isha kwanza, umalize kila kitu, kisha upige mswaki kwa dawa yenye floridi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, imeandikwa ubavuni mwa tyubu. Tema povu, usisukutue, lala. Mswaki wa mti autumie mchana apendavyo. Unasugua vizuri sana mbele, ila mkono hauufikishi kwa urahisi nyuma ya magego.

Na asubuhi zile chache za mwanzo, kabla hajauacha mswaki, alipokuwa akitapika baada ya vidonge, alikuwa akikimbilia kusugua ili ladha itoke. Asidi ya tumbo hulilainisha jino. Ukisugua palepale unalikwangua. Maji ya kusukutua, nusu saa, ndipo mswaki.

Tulichofanya

Mizizi miwili niliing'oa kwa ganzi. Matundu matatu niliyachokoa kwa vyombo vya mkono, nikayaziba kwa simenti ya meno inayotoa floridi. Mengine mawili ya nyuma nilipaka ile floridi yenye madini ya fedha, dawa ambayo tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nilikuwa na chupa moja iliyotoka Mombasa. Inasimamisha kuoza bila kuchonga, lakini palipooza panakuwa peusi moja kwa moja, na mgonjwa lazima aambiwe kabla. Nilimweleza Fundi. Akafikiri kidogo.

"Basi hii ni deheni," akasema. "Chombo hupakwa ili mai yasingie."

Sijapata maelezo bora, na tangu siku hiyo ndiyo nayatumia. Meno ya mbele niliyapaka floridi ya kugandisha, isiyo na rangi.

Peremende ndizo zilizokuwa ngumu. Kikohozi kilikwisha zamani, ila kazini, kwenye vumbi la mbao, koo linakauka na mkono unajiendea mfukoni. Sikumwambia aache kuweka kitu mdomoni, maana kutafuna huita mate. Nikamwambia abadilishe kitu. Sasa anatembea na iliki kwenye kikaratasi.

Alimaliza dawa mwanzoni mwa Julai, makohozi safi. Nilimtazama tena mwishoni mwa Septemba. Mistari mitatu kati ya minne imekuwa migumu na inang'aa, wa nne bado una chokaa. Zile simenti tatu zimeshika. Moja ya yale meno meusi, gego la juu kushoto, limeanza kuwa laini tena chini ya chombo, na amesema bado analala ubavu ule ule. Nimelipaka mara ya pili. Tarehe yake nyingine ni Desemba.